Istanbul peke yangu na begi la mgongoni, sijui mtu hata mmoja: wazoefu nipeni njia

Mgeni_wa_Ubungo

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada wenu wale mliotembeatembea. Mwisho wa Novemba naenda Istanbul, sio biashara sio shule, ni likizo naenda tu kuzurura. Rafiki niliyekuwa niende naye kazini wamemnyima ruhusa dakika za mwisho, na tiketi yangu ni ile isiyorudishwa hela, nikasema liwalo na liwe naenda mwenyewe.

Kwa majirani nimezunguka kidogo, Zambia nimefika kwa treni ya TAZARA, Kampala na Kigali kwa basi, lakini kule ukikwama hukosi mtu wa Kiswahili au hata Kiingereza cha kuombea maji. Huku nasikia Kiingereza ni cha kuokoteza na mji wenyewe una watu zaidi ya milioni 15.

Nataka kujua nilale upande gani, nitoke vipi airport bila kupigwa na taxi, na kubwa kuliko yote mtu anazururaje mji asioujua bila kuonekana ni wa kuliwa. Sitaki ratiba ya kukimbizana na vivutio, nataka kutembea kwa miguu nione watu wanaishije. Bajeti ya kawaida, hosteli ya vitanda vya juu na chini kwangu fresh tu. Mama ameshaanza kufunga na kuomba utadhani naenda vitani.

MamaMzigo_Kkoo

Mwanangu toa hofu. Mimi naenda Istanbul kufunga mzigo miaka na miaka, nguo za watoto na haya magauni ya Kituruki mnayoyaona Kariakoo, na naenda mwenyewe, Kituruki changu ni cha kuhesabu hela tu na nguo sijawahi kukosa. Mwambie mama yako saa zao ni sawa na zetu, tangu 2016 waliacha mambo ya kurudisha saa nyuma wakati wa baridi, kwa hiyo saa nne ya Dar ni saa nne ya kule, akipiga simu hakuamshi usiku wa manane. Sema jua lao ndo lina mambo yake, mwisho wa Novemba linachomoza karibu na saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni haijafika linakuwa limeshazama. Mitaa usiyoijua iingie mchana, jioni baki njia kuu zenye watu.

Airport ule mpya uko mbali na mji, ukijitosa na taxi utalia. Ukishatoka fuata alama za metro, pale kwenye mashine nunua Istanbulkart, hiyo ni kadi ya kugonga, unaijazia hela inakula metro, tramu, basi na feri. Panda M11 mpaka Gayrettepe, hapo unahamia M2, ukishuka Vezneciler umefika mitaa ya Beyazıt na Laleli. Kama unaona kubadilisha treni na begi ni usumbufu kuna mabasi ya Havaist. Ila soma tiketi yako vizuri maana airport ziko mbili! Ukishukia Sabiha Gökçen uko upande wa Asia, maana mji umekatwa na bahari, huku Ulaya kule Asia, na haya maelezo yangu yote hayakuhusu, huko unashika M4 inakupeleka Kadıköy.

Mimi nalala Laleli kwa sababu ya kazi. Hoteli ni nyingi, Kirusi utakisikia, Kiarabu, Kifaransa cha ndugu zetu wa Senegal na Congo, na siku ukibahatika unasikia mtu anagombana na watu wa kago kwa Kiswahili safi cha Kariakoo. Ubaya wake kelele, na mikokoteni ya mizigo itakukanyaga vidole. Halafu maduka mengi ni ya jumla, usihangaike kuomba shati moja, wanauza kwa seri, yaani saizi zote kwenye mfuko mmoja, ukisema moja anakugeuzia mgongo anaendelea na chai yake. Kitu kingine polisi wanapitapita mitaa ya Aksaray na Kumkapı kuangalia makaratasi ya watu, hasa sisi weusi. Hawajanisumbua, wanataka kuona pasipoti na viza basi. Lakini tembea nayo, picha kwenye simu usiitegemee.

Kuhusu kula usijinyime. Tafuta lokanta, ni mama ntilie kabisa, vyakula vimepangwa nyuma ya kioo unaonyesha kwa kidole, lugha ya nini. Anza na supu ya dengu, mercimek, wanakukamulia limao na mkate unakuja wenyewe. Nenda saa sita saba hivi, ukichelewa unakuta masufuria yamebaki mchuzi.

kijana254

Mama amesema yote ya maana lakini mtu wa begi mgongoni mimi singemtuma Laleli, huko ni kwa watu wa biashara. Lala Kadıköy boss. Iko Asia, wenyeji ndio wanaishi huko, hosteli ziko, na ukitaka kuvuka uende ile Istanbul ya kwenye picha unashika feri mpaka Eminönü ama Karaköy upande wa Ulaya, dakika kama ishirini hivi na unagonga kadi ileile.

Na hiyo feri manze ndio tour yenyewe, wachana na boti za watalii. Usikae ndani. Toka nje hata kama kuna baridi, jamaa anapita na sinia ya chai kwa zile glasi ndogo, watu wananunua simit (mkate wa duara wa ufuta) wanakula nusu na nusu wanawarushia shakwe, na hao ndege wanafuata feri mpaka ng'ambo, anaweza kukunyakulia mkononi. Kushoto unaona kasri la Topkapı na Aya Sofia, ukikaribia Eminönü unaona msikiti wa Süleymaniye umekaa juu ya kilima. Ukigeuka nyuma kuna stesheni ya Haydarpaşa ambayo Wajerumani walijenga, imetulia tu pale kwa maji. Hiyo yote kwa nauli ya mtu anayeenda job.

Sasa ya kuzurura. Mimi nilikuwa naenda kwa gati, nasoma majina, napanda feri inayotoka mapema. Imenipeleka Üsküdar, siku nyingine Beşiktaş. Ukishuka tembea panda milima uingie vichochoro, Balat pia kuna mtaa wa nyumba za rangi na kamba za nguo zimevuka barabara kutoka dirisha moja hadi lingine. Huo mji kupotea kabisa ni ngumu. Ukichanganyikiwa fuata mteremko, mara nyingi utafika kwa maji, na kwa maji hukosi stage ya basi ama feri. Feri zikiisha usiku kuna Marmaray, treni inapita chini ya bahari tangu 2013, kutoka Sirkeci kuvuka Üsküdar ni kama dakika nne.

Alafu pale soko la Kadıköy kula kokoreç. Ni utumbo wa kondoo umezungushwa kwa chuma ukachomwa kwa makaa, wanakatakata na pilipili wanaweka ndani ya mkate. Usiulize maswali, kula.

ProfNdevu

Kijana kwa nini usisubiri huyo mwenzako hata mwakani? Ukiugua huko peke yako nani atakupeleka hospitali? Au lipia kikundi chenye mtu wa kuwaongoza. Huu ujasiri wa mitandaoni unawaponza vijana wengi.

Bint_Tanga

Prof shikamoo, nakuheshimu lakini wanaosubiri wenzao ndo hao hawajafika popote mpaka leo. Akate bima ya safari, aache nakala ya pasipoti na jina la hosteli nyumbani, aende. Na Uturuki dharura zote ni 112, sio kwamba unaenda porini.

Mgeni, mimi ni mwanamke na nimetembea huko peke yangu, ngoja nikujibu hilo la kuliwa. Kanuni yangu ni moja tu: anayenifuata yeye simfuati, nikiwa na shida namuuliza mtu ambaye yuko bize na kazi yake. Muuza simit, mlinzi wa metro, dada wa duka la dawa. Hao hawana mpango na wewe, utakuta anaacha meza yake anakusindikiza mpaka kona maana kukuelekeza kwa Kiingereza kunamshinda. Lakini pale Sultanahmet wanapojaa watalii ukiona mwanaume nadhifu anakuja na tabasamu "rafiki unatoka nchi gani, ah Tanzania, Samatta!" jua mwisho wa hiyo stori kuna duka la mazulia. Sio mwizi, anauza, ila nusu siku yako imeisha na umeshakunywa chai yake unaona aibu kuondoka.

Wapo na wa brashi. Fundi viatu anakupita na kisanduku chake, brashi inaanguka nyuma yake kama hajui, wewe kwa roho nzuri unaiokota unamwita. Anaweka mkono kifuani, anashukuru, anapiga goti kukung'arishia kiatu, unajua ni asante. Kumbe bili inakuja pamoja na habari za mtoto mgonjwa. Nilikuwa nimesimama daraja la Galata katikati ya wavuvi nakula mahindi ya kuchoma, nikamtazama mmoja anaiangusha kwa kila mtalii anayepita, na hata raba za kitambaa alitaka kuzipiga kiwi 😂

Mbaya kuliko zote ni ya baa maeneo ya Taksim, na hii ni ya nyie wanaume. Mtu mnakutana barabarani, na yeye anajifanya mgeni kama wewe, anasema twende tukanywe moja. Mnaingia, akina dada wanakuja kukaa meza yenu, bili ikija ni ya harusi na mlangoni wamesimama mabaunsa. Jamaa wa hosteli niliyokaa ilimkuta wakamsindikiza mpaka ATM. Ukialikwa, sehemu chagua wewe, na kama menyu haina bei nyanyuka.

Chumba weka oda kabla hujaondoka Dar. Ile tovuti ya vyumba Booking.com, mahakama ya Uturuki iliizuia 2017 kuuza vyumba vya Uturuki kwa mtu aliye ndani ya Uturuki, wengi wanakuja kushtukia wakiwa wameshafika. Pakua na ramani na Kituruki cha kutafsiria kwenye simu ili vifanye kazi bila bando. Viza ya mtandaoni, kama unastahili, pitia tovuti yao rasmi, evisa.gov.tr, ziko za pembeni zinafanana nayo zinakulia hela tu.

Mgeni_wa_Ubungo

Dah asanteni sana, nimehamia Kadıköy kimawazo tayari. Mawili ya mwisho. Aya Sofia inafaa kulipia au ni jina tu? Na siku ya kuondoka ndege yangu ni usiku, begi nitalizungusha nalo mgongoni kutwa nzima?

MamaMzigo_Kkoo

Begi waachie hosteli, wengi wanakutunzia hata ukishatoa funguo, waulize tu asubuhi. Aya Sofia tangu 2020 imerudi kuwa msikiti na kuanzia 2024 mtalii anapita mlango wake analipa euro 25 anapanda ghorofa ya juu tu, chini ni kwa wanaoswali. Kwa hela hiyo mimi nisingelipa, ningekula lokanta. Ila ni jengo la mwaka 537 na ule mviringo wa juu hauna mfano, roho ikitaka ilipe.

Bint_Tanga

Mimi nililipa na sijutii mama 😄 Ila kama bajeti inabana panda Süleymaniye, ni ya 1557, kuingia bure, na ule uwanja wa nyuma unaona maji yote mpaka Asia, watu wa foleni ya Sultanahmet hawafiki huko. Ijumaa mchana usiende, wanaswali. Vaa soksi zisizotoboka unavua viatu.

kijana254

Na lile soko kubwa la kufunikwa, Kapalıçarşı, Jumapili limefungwa. Topkapı ni Jumanne. Usije hapa kulia kwamba hakuna aliyekuambia.