Mnaouza kozi za "nywele zinazotembea kama za kweli", hivi mmewahi hata kumwangalia mtu aliyesuka?

Wakuu salaam. Leo sina lugha ya kubembeleza, modereta akiona nimepitiliza anivumilie.

Nipo Mwanza, nafanya animesheni. Matangazo madogo madogo ya watu wa huku huku: maduka, saluni, asasi zinazotaka katuni ya kunawa mikono. Nikapata mteja anayetengeneza mafuta ya nywele. Anataka tangazo fupi: binti kasimama kwenye kivuko cha Kamanga, kasuka rasta ndefu zenye shanga mwishoni, upepo wa ziwa unampiga, anageuka, anatabasamu, chupa inatokea. Basi. Hakuna joka, hakuna ghorofa linaloanguka. Ukimsimulia mtu anakuambia hiyo si kazi ya wikiendi tu?

Kwa kuwa mwendo wa nywele ni eneo lenye mitego, nikanunua kozi ya mtu mmoja anayejitangaza kila kona. Simtaji jina, wengi mtamjua. Laki na nusu, kwa simu, risiti hakuna. Ndani kuna nini? Kichwa cha mzungu chenye nywele za singa hadi kiunoni, na jamaa anasogeza slaida (kile kitelezi cha kubadilishia namba) huku akisema "hapa weka 0.5, hapa weka 15, mnaona ilivyokaa". Kwa nini 15? Hasemi. Kichwa kikiwa kingine je? Hasemi. Nywele zikiwa fupi, zikiwa nzito, zikiwa zimesukwa? Hajui kama kuna watu wanasuka.

Nianze na faili lake la mazoezi, maana ndilo lililonitia hasira kuliko yote. Mhusika wake ana urefu wa mita 17. Ndiyo, mita kumi na saba, nendeni mkapime. Sasa programu haijui kwamba wewe unamwona ni binti wa kawaida. Inachukua mvutano wa dunia wa 9.81 kama ulivyo na kumpigia hesabu jitu refu kama jengo. Matokeo yake kila nywele inakwenda polepole, inaelea. Hesabu yenyewe ya sekondari: kizito kilichoning'inizwa kwenye uzi wa sentimita 30 kinakwenda na kurudi kwa sekunde 1.1 hivi. Uzi wa mita 3 unachukua karibu sekunde 3.5. Ukikuza kila kitu mara kumi, mwendo unapungua kasi zaidi ya mara tatu. Mteja alipotazama sampuli alisema neno moja tu: "Mbona kama yuko chini ya maji?" Mtu wa mafuta ya nywele, hajawahi kufungua programu ya animesheni maishani mwake, kaona. Mwalimu aliyekula laki na nusu ya watu hajaona. Dawa yake anayoifundisha ni kuongeza uzito wa unywele! Uzito hauna kosa hapo. Punguza mhusika awe na urefu wa binadamu, thibitisha ukubwa uwe 1, ndipo uguse slaida nyingine yoyote.

Na ndani ya faili hilohilo kaficha upepo. Kaufichaje? Kauweka kwenye mkusanyiko (kama folda ya vitu) alioufanya usionekane kwenye dirisha la kazi, lakini unaendelea kupuliza. Mimi nimeweka upepo wangu unaotoka ziwani, maana tangazo ni la mchana na mchana hapa upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku ndiyo hugeuka. Bendera ya kivuko niliitengeneza faili la pembeni, inapepea vizuri. Nikaziweka pamoja: bendera inaelekea kushoto, nywele zinakwenda kulia. Kwenye Blender, programu yenyewe ya animesheni, nguvu ya upepo inagusa kila kitu chenye fizikia kilicho kwenye tukio, usipoifunga kwa mkusanyiko maalumu. Hilo nalo halimo kwenye kozi.

Haya, tuje kwenye nywele zenyewe.

Mafunzo karibu yote yamejengwa juu ya wazo moja. Kichwa cha mtu kina nywele kama 100,000, kompyuta haiwezi kuzipigia hesabu zote, kwa hiyo unapigia hesabu nywele chache za kuongoza na nyingine zinafuata katikati yake. Kila nywele ya kuongoza ni mnyororo wa nukta. Sawa, wazo zuri, na kwa nywele za singa linafanya kazi. Katika mfumo wa zamani wa Blender nywele hata hazigongani moja kwa moja. Programu inagawa nafasi katika viboksi na kukadiria msuguano humo ndani. Kwenye singa nani ataona unywele mmoja umepita ndani ya mwingine? Hakuna.

Mimi nina rasta arobaini na kitu. Nene. Kila moja inaonekana peke yake, ina mikunjo yake, ina shanga. Zikipitana ndani kwa ndani, mtoto wa darasa la pili anaona. Shanga ya bluu inaingia kwenye rasta ya jirani, inatokea upande wa pili, hata aibu haina.

Nikatoka nikaenda kwa dada mmoja anayesuka pale Kirumba, nikamwomba nikae nitazame tu. Nilijifunza pale kuliko kwenye kozi nzima. Rasta mpya hailali kwenye kichwa. Pale kwenye shina, kwa vidole viwili hivi, inasimama, kwa sababu imekazwa. Mteja wake akigeuza shingo sehemu ile inageuka na kichwa palepale, haichelewi. Baada ya hapo ndipo inapinda na kuanza kuning'inia. Mwishoni anachovya kwenye maji ya moto, ncha inafunga, haifumuki tena, na inabaki na umbo ililolipata mle kwenye jagi. Halafu shanga. Mteja akisimama ghafla, rasta zinatulia upesi ila shanga zinaendelea kugongana kidogo. Nikamuuliza, na zikikaa wiki tatu? Akacheka: "Hapo zinalala zenyewe kaka, shina limeshaota." Yaani hata umri wa msuko unabadilisha mwendo!

Sasa nionesheni ni slaida ipi ya huyo mwalimu inasema shina gumu, katikati laini, ncha nzito. Hakuna. Ugumu ni namba moja kwa unywele mzima. Uzito ni namba moja kwa nukta zote. Ukikaza ili shina lisimame, rasta nzima inakuwa fimbo. Ukilegeza ili iningʼinie, shina linaanguka na binti anaonekana kamwagiwa tambi kichwani.

Kuna mtu atasema tumia mfumo mpya. Blender 3.5 ya Machi 2023 ilikuja na nywele mpya za kuchana na kukunja kwa nodi (visanduku vya amri unavyoviunganisha), na kwa kutengeneza umbo la msuko sina ugomvi nazo, ni nzuri kweli. Lakini ilipotoka hazikuja na fizikia ya kubonyeza kama zile za zamani. Toleo la 3.6 miezi michache baadaye likaleta nodi za simulesheni, yaani za kupigia hesabu mwendo, ujijengee mwenyewe. Ujijengee! Mteja anapiga simu, wewe unajenga injini ya fizikia.

Na si mimi tu ninayelia. Mwaka 2020 Theodore Kim, profesa wa Chuo Kikuu cha Yale aliyewahi kufanya kazi Pixar, aliandika kwenye Scientific American kwamba utafiti wa binadamu wa kompyuta umetawaliwa na ngozi nyeupe na nywele zilizonyooka. Baadaye yeye, A.M. Darke na wenzao wakatoa njia za kupigia hesabu nywele zilizojikunja sana, za kipilipili. Kwa hiyo tatizo linajulikana hadi Marekani. Asiyelijua ni mtu wa Dar anayemuuzia kozi mtu wa Mwanza ili atengeneze tangazo la rasta.

Nilivyotoka, maana najua mtauliza. Nimeachana na fizikia ya nywele kabisa, nimetumia ya kitambaa. Kila rasta ina bomba jembamba la pembe nne ndani yake, halirendwi, yaani halitokei kwenye picha ya mwisho. Msianze na utepe bapa, utepe unapinda upande mmoja tu, ubavuni unagoma. Mabomba yote yawe meshi moja (wavu mmoja wa nukta na pande) ili mgongano wa kitambaa na kitambaa chenyewe uyazuie kupitana. Kisha unapaka uzito wa kubana (huu si wa kilo, ni namba ya kusema nukta ibanwe kiasi gani): shina limebanwa kabisa kwa urefu wa vile vidole viwili, halafu linaachiwa taratibu hadi sifuri. Hapo ndipo shina linasimama na nyingine inaning'inia, kama alivyonionesha yule dada. Kwa shanga, kwa kuwa uzito unahesabiwa kwa kila nukta, ongeza nukta nyingi pale mwisho wa bomba. Nukta nyingi, uzito mwingi. Rasta yenyewe ya kuonekana unaifunga kwenye bomba kwa modifaya ya kufuata uso wa meshi. Imekubali.

Bega nalo. Binti anapogeuka haraka rasta zilikuwa zinaingia begani na kubaki humo. Sababu ni kwamba programu inaangalia mgongano hatua kwa hatua, na kichwa kikienda kasi nukta inakuwa nje ya bega hatua hii, na hatua inayofuata iko ndani. Ongeza hatua ndani ya kila fremu (kila picha moja ya video), na usitumie mwili wenye maelfu ya pande kama kizuizi. Weka mwili wa bandia, mnene kidogo kuliko wa kweli, uliorahisishwa. Na simulesheni ianze fremu hamsini kabla ya tukio, mhusika aingie kwenye pozi lake polepole, la sivyo fremu ya kwanza nywele zote zinaruka juu.

Kashe, yaani hesabu zilizohifadhiwa, sitaisema sana. Ukishahifadhi hesabu, slaida yoyote utakayogusa haibadilishi kitu mpaka uifute. Mwalimu kwenye video yake anahangaika na hilo dakika nzima, haelewi kwa nini namba hazileti mabadiliko, kisha anakata video na kurudi likiwa limetengemaa. Hakuhariri hata kuficha.

NYONGEZA, kwa waliochangia:

Mkuu uliyesema "ongeza ugumu tu, mbona rahisi", nimefanya hivyo kwa faili la mwalimu wako. Ugumu ukipanda na hatua zikibaki chache, rasta zinatetemeka kama mtu mwenye malaria. Umejaribu kwenye singa, najua.

Uliyesema nitumie akili bandia, mteja anataka chupa yake ibaki chupa yake na lebo isomeke kwenye kila picha. Ukipata ya kufanya hivyo na rasta zilezile arobaini kutoka mwanzo hadi mwisho, fungua uzi wako.

Dada wa Bukoba uliyeuliza kuhusu Houdini, programu nyingine ya kazi hizi: ndiyo, Vellum yake (mfumo wake wa fizikia) iko mbele sana kwenye nywele, na ugumu unaweza kuubadilisha kutoka shina hadi ncha. Lakini toleo la bure ni la kujifunzia, linagonga chapa juu ya picha na hairuhusiwi kulitumia kwa kazi ya kulipwa. Kama kompyuta yako inahimili, jifunze nalo. Tangazo la mteja usilifanyie humo.

Na wewe uliyeandika "acha wivu, kijana anatafuta riziki": riziki atafute. Auze kozi ya singa aiite kozi ya singa. Aliandika kwenye tangazo lake "nywele za aina zote". Picha ya tangazo ni binti aliyesuka. Ile picha haimo popote kwenye kozi, na nimeiuliza kwenye kundi lake la WhatsApp mbele ya watu, nikaondolewa ndani ya saa hiyohiyo. Kuna wenzangu wawili wa Nyakato wamelipa pia, mmoja ni mwanafunzi, kakopa.

Najua yumo humu anasoma. Namba tuliyomtumia hela anayo, namba zetu anazo. Arudishe ya yule mwanafunzi kwanza, yangu ifuate. Faili langu la mabomba nitaliweka hapa bure likishasafishwa, na mhusika wake ana urefu wa mita 1.6.