Postgres inagoma kila jioni, niongeze koneksheni au shida iko kwingine?

seva_ndogo: Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Nina sistimu ya kukata tiketi za mabasi, Node na Express, databesi Postgres, vyote viko kwenye seva moja ya kukodi yenye kori 4. Mchana inaenda fresh kabisa ila ikifika saa moja jioni watu wakianza kukata za kesho yake peji inazunguka tu, haileti eroo wala nini, mpaka mteja anachoka anapiga simu. Nikirestati inapona, baada ya muda yale yale. Nikaona puli (zile koneksheni za databesi ambazo app inaziweka tayari na kuzitumia kwa zamu) itakuwa ndogo nikapandisha max kutoka 10 kwenda 50, sasa ndo balaa, inatema "sorry, too many clients already" hata mimi siingii kwa psql (ile ya kuandikia Postgres komandi). Nipandishe max_connections iwe 500 au?

fundi_kwiri: Usipandishe kwanza mkuu. Unaendesha na pm2, ile programu ya kusimamia app za Node? Kama umeweka klasta kwenye kori 4 una prosesi nne, na kila moja inafungua puli yake, hazishei. Hiyo 50 yako ni 200, wakati Postgres usipoigusa inapokea 100 na 3 kati ya hizo ni za superuser (yuza mkuu, kama yule postgres) tu. Bado hujamhesabu mtu wa ripoti aliyeacha pgAdmin (programu ya kutazamia databesi) wazi tangu Jumatatu 😂 Halafu kila koneksheni ya Postgres ni prosesi nzima inayokula RAM, ukiweka 500 kwenye kori 4 zitagombania tu.

Kuzunguka bila eroo ni kwa sababu maktaba ya pg inakuja na connectionTimeoutMillis 0, yaani anayesubiri koneksheni anasubiri milele. Weka 5000 angalau ipige kelele kwenye logi.

dada_wa_logi: Mi naona namba siyo ugonjwa. Kwiri (ombi moja kwa databesi) ya milisekunde 5, koneksheni 10 kwa hesabu ya karatasi ni kwiri 2000 kwa sekunde, tiketi za basi hazifiki huko hata Desemba watu wakienda Moshi. Kuna mahali koneksheni zinachukuliwa hazirudi. Angalia kila penye pool.connect() kama client.release() iko kwenye finally, siyo mwisho wa try. Jioni ikianza kugoma ingia na yuza postgres, endesha hii ulete majibu:

SELECT pid, state, now() - xact_start AS muda, query FROM pg_stat_activity WHERE datname = 'jina_la_databesi_yako' ORDER BY xact_start;

seva_ndogo: Release zote ziko kwenye finally. Majibu mengi yako hivi:

4127 | idle in transaction | 00:00:48 | SELECT * FROM viti WHERE safari_id = $1 AND namba = $2 FOR UPDATE

Mbona idle? Si ina maana iko huru?

dada_wa_logi: "idle" peke yake ndo iko huru. Hiyo imefungua transaksheni kwa BEGIN haijaifunga kwa COMMIT, imeshika kiti kwa ile FOR UPDATE na imeshika koneksheni, inasubiri koodi yako. Sekunde 48 ni nyingi mno, isije ikawa unatuma ombi la malipo kwenye simu ya mteja halafu unamsubiri aweke PIN humo humo ndani ya transaksheni?

seva_ndogo: Ndo ilivyo dada 😳 tuliogopa kiti kimoja kuuziwa watu wawili

dada_wa_logi: Sasa kila anayetafuta simu ameiweka wapi anaondoka na koneksheni yako. Fanya UPDATE kiti kiwe 'kimeshikwa' na kolamu ya mwisho_wa_kushikwa, sema dakika 5, COMMIT, rudisha koneksheni, ndo utume malipo. Jibu la malipo likija fungua transaksheni nyingine fupi igeuze kuwa 'kimeuzwa', na hiyo UPDATE ihakiki kiti bado ni cha mtu huyo, maana majibu mengine yanachelewa kiti kishachukuliwa, hapo itabidi umrudishie hela. Weka na idle_in_transaction_session_timeout ya sekunde 30 kama ulinzi.

kijana_devops: Si aweke tu PgBouncer, ile inayokaa kati ya app na Postgres ikigawa koneksheni, yaishe?

fundi_kwiri: Haitamsaidia hapo, hata kwenye mode ya transaksheni inashikilia koneksheni mpaka COMMIT, foleni itahamia kwa PgBouncer basi. Atoe malipo nje ya transaksheni, max irudi 10 kwa prosesi, jumla 40, zinamtosha na za psql zinabaki.