Mdogo wangu kauziwa kadi ya grafiki GTX 1050 Ti feki Kariakoo, na hela hawataki kurudisha

Wakuu, nimevurugwa, sitazunguka. Mdogo wangu anachomelea mageti. Mwaka mzima amedunduliza hela ya kompyuta ya gemu. Wiki iliyopita akaenda duka moja Kariakoo, akahesabu laki tisa na nusu taslimu mezani. Kaambiwa ni Core i5, RAM 8GB, kadi ya grafiki GTX 1050 Ti ya 4GB na monita ya 144Hz, yaani inabadilisha picha mara 144 kwa sekunde. Kesi inawaka taa za kila rangi. Alirudi nayo kwenye bajaji kaipakata mapajani.

Gemu la mpira likawa linakwama, mchezaji anapotea huku anaibukia kule. Akapakua draiva mpya kwa Nvidia wenyewe, waliobuni chipu hiyo, kioo kikawa cheusi tii. Ndipo akanipigia.

Nimefungua kesi, cha kwanza kuona ni tundu la VGA, lile la zamani la kuunganishia monita, kwenye kadi. Jamani! 1050 Ti ilitoka 2016, na chipu za Pascal, familia ya 1050 Ti, hazitoi VGA. Halafu kuna waya wa umeme wa pini sita, wakati 1050 Ti inakula wati 75 na nyingi hazihitaji waya wowote. Nikawasha GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi: mbele ya jina la kadi kuna neno FAKE, na kore (vitengo vya kukokotoa) ni 192. Halisi ina 768. Yaani ni chipu ya GTS 450 au GTX 550 Ti, mzigo wa 2010 na 2011, BIOS, programu ndogo iliyo ndani ya kadi, imechezewa ili ijitaje jina lisilo lake. Huu ni wizi. Mtu kakaa chini, kaipanga, kaitekeleza.

Monita ndiyo ilinitia hasira zaidi. Inchi 19, kwenye fremu kuna stika ya 144Hz. Nimeibandua kwa ukucha, chini yake nikakuta lebo ya namba ya mali ya ofisi, imefutwa nusu. Kwenye Windows inagota 60Hz. Matundu yake ni VGA na DVI tu, kwa hiyo kadi yenye VGA iliwafaa sana!

Dogo angeniuliza, ningemwambia aachane na taa na 144Hz. Kadi ya bei hiyo haifikishi fremu 144 kwenye gemu nzito. Monita ya 75Hz yenye HDMI inatosha, chenji iende kwenye kadi ya AMD RX 570 iliyotumika na pawa saplai ya maana, ajaribishe gemu palepale dukani kabla ya kulipa. Lakini kutojua si ruhusa ya kuibiwa.

Tumerudi dukani jana. Kijana wa kaunta anasema GPU-Z inadanganya, na mali ikishauzwa hairudishwi. Nikadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, wakaanza kuangaliana. Walichompa dogo ni karatasi ya mkono iliyoandikwa "PC full set", basi. Mdogo wangu alisimama mlangoni kashika kadi mkononi, hakusema neno.

Jumatatu asubuhi tunaenda FCC, Tume ya Ushindani, na kadi, stika, ile karatasi na picha za GPU-Z. Mwenye duka, najua unapita humu. Nataka laki tisa na nusu kamili kabla ya Jumatatu.

Na wewe uliyenunua 1050 Ti mtaa huohuo, chungulia nyuma ya kesi yako leo. Ukiona VGA, weka picha hapa twende pamoja.