Miezi minne bila methamfetamini, lakini furaha haijarudi

Dada Mkubwa:
Shikamooni wakubwa, na wengine nawasalimu. Mdogo wangu wa kiume alitumia methamfetamini kwa takribani miaka mitatu, na sasa ametimiza miezi minne bila kuigusa. Tulidhani sehemu ngumu ni zile wiki za arosto, alipokuwa akilala mchana kutwa na kuamka kwa ajili ya kula tu. Zilipita. Kinachotutesa sasa ni kwamba hakuna kinachomfurahisha: muziki alioupenda anauzima, jambo analoambiwa asubuhi halikumbuki jioni, na baba anasema huo ni uvivu. Je, ubongo wake umeharibika moja kwa moja? Na ipo dawa ya kumpa, kama methadoni wanayopewa walioacha heroini?

Muuguzi wa Uraibu:
Pole sana, dada. Nianze na neno la baba: huo si uvivu.

Dopamini ni kemikali ambayo seli za neva huitumia kupashana habari, hasa habari ya kwamba jambo fulani linafaa kutafutwa tena. Kwa kawaida hutolewa kwa kiasi kidogo, kisha protini maalumu huivuta na kuirudisha katika seli iliyoitoa. Amfetamini na jamaa zake huingia ndani ya seli kupitia protini hiyohiyo, huifukuza dopamini kutoka katika vifuko vinavyoihifadhi, na kuifanya protini ile ifanye kazi kinyume, yaani isukume nje kile ilichopaswa kukivuta ndani. Ubongo unaofurikwa hivyo kwa miaka hujikinga kwa kupunguza vipokezi vya dopamini, yaani sehemu za seli zinazoipokea, na methamfetamini kwa dozi kubwa huweza kujeruhi hata ncha za seli zenyewe. Mtu anapoacha, furiko hukatika siku hiyohiyo, lakini vipokezi vilivyopungua havirudi siku hiyohiyo. Ndiyo maana muziki unapigwa na yeye hausikii moyoni.

Matumaini yapo. Mwaka 2001, Nora Volkow na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa picha za ubongo za watu walioacha methamfetamini, zilizopigwa katika miezi ya mwanzo na tena baada ya miezi 12 hadi 17. Protini zile zinazoirudisha dopamini katika seli zilikuwa zimeongezeka waziwazi. Waliofuatiliwa walikuwa 5 tu, na kumbukumbu zao hazikuwa zimerejea kwa kiwango kilekile, kwa hiyo nisikupe ahadi kubwa kuliko ushahidi. Lakini miezi minne, kwa ubongo unaojijenga upya, ni mapema mno kumhukumu mtu.

Kuhusu dawa, hakuna iliyoidhinishwa inayofanya kwa methamfetamini kazi ambayo methadoni huifanya kwa heroini. Jaribio moja kubwa la watu 403, lililochapishwa mwaka 2021, liliunganisha sindano ya naltreksoni na vidonge vya bupropioni: waliofanikiwa walikuwa asilimia 13.6, dhidi ya asilimia 2.5 kwa waliopewa dawa bandia. Ni hatua ya kweli, ingawa wengi hawakunufaika.

Nakuomba pia jambo moja: muulize waziwazi kama huwaza kujiua. Mawazo hayo huwapata walioacha vichangamshi, yaani dawa kama methamfetamini na kokeini, na kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani.

Nimevuka:
Niliacha miaka sita iliyopita, na kilichonisaidia ni tiba ya motisha, ambayo ndiyo yenye ushahidi wenye nguvu zaidi kwa uraibu wa vichangamshi. Kila mkojo ulipopimwa na kukutwa safi nilipewa vocha papo hapo, na thamani yake ilipanda kadiri nilivyoendelea; nikiteleza, ilirudi mwanzo. Mtafiti Stephen Higgins aliijaribu huko Vermont, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa watumiaji wa kokeini. Wapo wanaosema ni kuwalipa watu kwa kutofanya kosa, nami nilipinga hivyohivyo kabla ya kuipitia. Lakini kuniambia kwamba baada ya mwaka nitakuwa na afya na kazi kulikuwa sawa na kuniahidi mvua ya msimu ujao wakati nina kiu. Zawadi ndogo ya leo niliweza kuiona. Kwangu mimi muziki ulirudi mwezi wa tisa, bila taarifa, nikiwa nafua nguo.

Unganisheni hilo na ushauri nasaha wa kumfundisha kuyatambua mazingira yanayomwamshia hamu, kwa maana hamu huweza kulala miezi kisha ikaamka kwa kumwona tu rafiki wa zamani.

Dada Mkubwa:
Nimemsomea baba maelezo ya dopamini mara mbili. Hakusema kitu, lakini alikwenda kukaa na mdogo wangu nje mpaka giza likaingia. Kesho nitapiga simu kliniki kuuliza kama wana tiba hiyo ya motisha. Lile swali la kujiua nimekuwa nikiliogopa tangu wiki ya kwanza. Nitamuuliza leo usiku.