Mwanangu ana sikoseli, hataki tena watu wamuone macho

Mama wa Langoni:
Assalam aleikum. Nina kijana wa miaka 13 ana sikoseli, huu ugonjwa wa damu wa kurithi, tuliijua hajafika mwaka, vidole vilimvimba. Dawa zake, foliki na haidroksiyurea, anakunywa vizuri, kulazwa kumepungua alhamdulillahi. Shida sasa ni nyingine, macho yana umanjano na mwili mdogo, ndugu yake wa miaka 10 washalingana. Juzi kwa fundi wa kanzu za Maulidi fundi akamuuliza yule mdogo ati wewe ndo mkubwa? basi kanzu ile hajaigusa. Gatini wenziwe wakipiga mbizi yeye hukaa na shati, kofia kaivuta mpaka kwa nyusi. Wamembandika jina, Manjano. Nikimwambia wewe mzuri mwanangu ananijibu, mama wewe lazima useme hivyo. Nifanyeje jamani?

Wa Malindi:
Waaleikum salam mamangu, pole. Mimi nina sikoseli pia, niko 26. Nisamehe ntasema wazi, hilo la mzuri liache kwanza, hakuulizi uzuri yule, anajiuliza ntabaki hivi hivi? Mimi nilikaa na hilo swali miaka na hakuna aliyeniambia kwamba kwa wengi wetu balehe inachelewa tu lakini inakuja, ndevu nilipata nishafika 18 na urefu ukaja nyuma yake wakati wenzangu washaacha kurefuka. Mpe sababu. Seli nyekundu za mtu mwengine hukaa kama siku 120, zetu siku 10 mpaka 20, zikivunjika ndo ile rangi inatokea machoni, na mwili kutwa unatengeneza damu mpya, hiyo nguvu ya kurefuka itoke wapi? Siku nilipoelewa hivi niliweza kumjibu mtu aliyeniuliza macho yana nini, maneno mawili tu, na akanyamaza.

Nesi mstaafu:
Mama, kliniki mwambie daktari aongee na kijana mwenyewe, siyo nyinyi wawili kuongea juu ya kichwa chake. Na umuulize kwa upole kama shuleni anakunywa maji. Hawa watoto wanakojoa sana, wengine mpaka kitandani na ni wakubwa, kwa hiyo wanajinyima maji wasiombe ruhusa kila saa, halafu maumivu yanawaangusha. Hiyo aibu haionekani kama ya macho lakini nimeiona sana. Kuogelea asinyimwe, aingie wakati maji yana joto, asikae mno, akitoka ajifute na anywe maji. Dawa za kunenepesha na za kusafisha macho usinunue hata ziletwe mlangoni. Lakini umanjano ukizidi ghafla kuliko wake wa siku zote, au homa, usingoje asubuhi, hospitali.

Baba wa watatu:
Dada hiyo kanzu ipe mtu mwengine. Mpeleke peke yake, achague kitambaa mwenyewe, na uongee na fundi kabla.

Mama wa Langoni:
Mungu awalipe. La maji nimemuuliza, kumbe ni kweli, asubuhi mpaka saa saba hanywi kitu, nimelia wallahi. Kesho naenda kwa mwalimu wake. Nikamsomea pia maneno ya yule kaka wa Malindi, kanyamaza kitambo halafu kaniuliza, ana ndevu kweli?

Wa Malindi:
Mwambie anazo. Akitaka kuniuliza lolote aniandikie mwenyewe.