Star Trek ya kwanza: mgeni aanze na kipindi kipi kati ya hivi vitatu?

MsafiriWaNyota: Wakuu, naomba maoni yenu. Mdogo wangu hajawahi kutazama tamthilia yoyote ya safari za angani. Nimembembeleza mpaka amekubali kukaa nami kwa kipindi kimoja tu cha Star Trek ile ya Kapteni Kirk na Spock, msaidizi wake ambaye si binadamu kamili. Vipo 79, vilivyorushwa kati ya 1966 na 1969. Nimechuja vikabaki vitatu, vyote vya msimu wa kwanza: The City on the Edge of Forever, Balance of Terror na The Devil in the Dark.

Jana usiku nimerudia hicho cha kwanza. McCoy, daktari wa meli yao ya angani, akiwa amepagawa kwa dawa aliyojidunga kwa bahati mbaya, anajitupa kwenye lango la wakati na kutokea New York ya 1930. Huko anabadili jambo moja tu, na meli yao inatoweka kana kwamba haikuwahi kuundwa. Kirk na Spock wanamfuata. Kirk anampenda Edith Keeler, mwanamke anayewalisha wasio na kitu, halafu Spock anagundua kwamba historia haitarudi mahali pake mpaka Edith afe. Itazameni tena ile dakika ya mwisho. Edith anavuka barabara, lori linakuja, McCoy anachomoka kwenda kumwokoa, na Kirk anamkamata na kumshikilia, macho kayafumba. McCoy anamuuliza kama anajua alichofanya. Spock ndiye anayejibu kwamba anajua.

Kwangu hakuna kipindi kinachokifikia. Hofu yangu ni moja: uchungu ule unatokana na kumjua Kirk. Sisi tumeshamwona akifanya lolote kuokoa watu. Mgeni ataona mwanamume kamshika mwenzake, basi.

Bi_Sayari: Hapana, mkuu, anza nacho hicho hicho. Edith anaingia na kutoka ndani ya kipindi kimoja, kwa hiyo mgeni anamjua sawasawa na sisi. Na mwigizaji Joan Collins anamfanya mtu wa kupendeka tangu anapowakuta wale wawili wamejificha kwenye chumba cha chini. Kilipata Tuzo ya Hugo, ile ya kazi za ubunifu wa kisayansi, mwaka 1968, na si kwa upendeleo. Mwandishi wake, Harlan Ellison, alikasirika sana mswada wake ulivyobadilishwa, na huo mswada wa awali nao ulipewa tuzo na chama cha waandishi. Mimi nausifu mswada wake, ila kilichorushwa ndicho kilichoniliza.

Rada_Kimya: Balance of Terror, bila kusita. Meli mbili zinawindana kama nyambizi vitani, na sheria za mchezo anazielewa hata mtoto: adui anaweza kujificha asionekane, lakini hawezi kurusha silaha akiwa amejificha. Kuna mahali pande zote mbili zimezima kila kitu, watu wanasubiri, halafu mkono wa Spock unagusa kitufe na mlio unawafichua. Mimi huacha kupumua pale, na nimekitazama mara nyingi.

Halafu kuna sura. Skrini inapomwonesha kamanda wa Waromula, yaani hao maadui, kwa mara ya kwanza, masikio yake yamechongoka kama ya Spock. Stiles, afisa wa meli ya Kirk ambaye ukoo wake ulipoteza watu katika vita vya zamani na Waromula, anamgeukia Spock kwa chuki waziwazi, mbele ya wenzake. Mark Lenard anamwigiza kamanda yule kwa heshima kiasi kwamba nashindwa kumtakia mabaya. (Baadaye alirudi akiwa baba yake Spock!) Kipindi kinaanza kwa harusi na kinaisha kwa bibi harusi aliyefiwa. Mgeni atakosa nini hapo?

Bi_Sayari: Atakosa Kirk, Spock na McCoy kama marafiki. Mle kila mtu yuko kazini.

Mwamba_Hai: Mbona cha tatu hamkigusi? Wachimba madini wameuawa na kiumbe kinachotoboa mwamba, zaidi ya hamsini, na kila mtu anataka kiuawe. Spock anakaribia, anaunganisha akili yake nacho, na anapiga kelele za maumivu yasiyo yake. Ni mama! Zile duara za silikoni ambazo wachimbaji wamekuwa wakizivunja ni mayai yake. Kiumbe hicho pia kinaunguza maneno kwenye jiwe, na haieleweki kama kinaomba kisiuawe au kinaahidi kutoua. McCoy analalamika kwamba yeye ni daktari, si mwashi, kisha anaziba jeraha kwa zege. Hao hapo marafiki watatu, Bi_Sayari.

Rada_Kimya: Kiumbe chenyewe kinafanana na zulia.

Mwamba_Hai: Kwa dakika za mwanzo, ndiyo. Ukishasikia kilio kile kupitia mdomo wa Spock, zulia hulioni tena.

MsafiriWaNyota: Mwamba_Hai umenishinda. Mdogo wangu ni mwepesi wa kuwahukumu watu, na kipindi kile kitamfanya akichukie kiumbe kwanza, kama nilivyokichukia mimi. Tunakitazama Ijumaa. Akiomba cha pili, ni Balance of Terror. Edith atasubiri mpaka amjue Kirk.

Bi_Sayari: Sawa, lakini usimsimulie habari za lori.