Yule fundi kabati mnayemjua kanidhalilisha mbele ya mama mkwe!!

MamaKulwa_Nyakato:
Wakuu wa Mwanza, msinisalimie, nimefura. Huyu mtu katoka kwangu sasa hivi, vumbi la chipubodi bado liko hewani. Simtaji jina na sina haja, kuanzia Buzuruga mpaka Igoma nani hamjui? Yule wa penseli sikioni, anayekwambia "nipo njiani" huku unasikia kabisa redio ya kibandani kwake.

Kabati langu ni yale ya kuja kwenye boksi, unafungia nyumbani. Viungo vimelegea. Ukifungua mlango linainamia Bugando, ukifunga linarudi Igoma. Nikamwita. Mama mkwe kaja toka Magu, yupo kwenye kochi anakunywa chai yake. Mtu anaingia, hashiki kabati, hachungulii hata skrubu moja, anamgeukia MAMA MKWE: "Mama, kabati halina tatizo, ni huyu mkamwana wako anafungua mlango kama anafungulia ng'ombe."

Kama anafungulia ng'ombe! Mimi! Nyumbani kwangu, kwa hela yangu! Na mama mkwe akacheka mpaka chai ikampalia.

Ndipo akaanza hiyo anayoiita kazi. Akatoa msumari wa inchi nne akaupigilia kwenye ukingo wa chipubodi. Ukingo ukapasuka mpaka kwenye bawaba. Namuuliza gundi iko wapi, anajibu gundi ni ya viatu. GUNDI NI YA VIATU, wakuu! Kisha akadai hela yote, na ya mafuta ya pikipiki juu.

Hela nimesamehe. Msumari nimesamehe. Kufungulia ng'ombe sisamehe mpaka ziwa likauke na sangara watembee kwa miguu Barabara ya Nyerere.

Ngosha_Buhongwa:
Pole mama Kulwa. Ila tuwekane sawa, mlango unaufunguaje? Usukumani hapa kufungulia ng'ombe ni sifa.

MamaKulwa_Nyakato:
Ngosha usinijaribu leo.

SatoMbichi:
Wa penseli?? Huyohuyo! Alinifungia kitanda, akabakiza skrubu kiganja kizima. Namuuliza hizi za wapi, ananiambia kiwandani huwa wanazidisha. Usiku huohuo mimi na baba watoto tukaamkia sakafuni, godoro juu yetu.

Kijana_wa_Igogo:
Mama mkwe aliyecheka ndiye shahidi wa upande gani? Naona kesi imeshaisha hiyo 😂

MamaKulwa_Nyakato:
Alicheka kwa adabu! Na bado anacheka, nipo jikoni namsikia. Hivi sasa anampigia wifi simu, nimesikia neno "ng'ombe" limetajwa tena.

FundiKimya:
Jamani mimi ni fundi seremala, naomba mnisikilize kidogo. Chipubodi ni chembe za mbao zilizoshindiliwa na gundi, haina nyuzi ndefu za kushika msumari. Ukipigilia ukingoni lazima ipasuke. Skrubu nayo ikishakula tundu lake, hata uikaze vipi inazunguka tu. Dawa yake: fungua kiungo, toa vumbi na gundi ya zamani, tundu lililolegea litoboe lifike milimita 8, weka gundi nyeupe ya mbao, gongelea kijiti cha mbao cha unene huohuo, kata kilingane na ubao. Acha mpaka kesho yake. Ukirudi, toboa katundu kadogo katikati ya kijiti ndipo ufunge skrubu kwa mkono. Hapo palipopasuka paka gundi ndani ya ufa, ubane kwa jiliwa.

Halafu geuza kabati utazame ule ubao mwembamba wa mgongoni. Watu wanaudharau, kumbe ndio unaozuia kabati lisilale upande. Pima kona kwa kona, juu kulia mpaka chini kushoto, kisha juu kushoto mpaka chini kulia. Vipimo vikilingana limenyooka, ndipo uufunge vizuri ubao huo wa mgongoni. Na msiliburute, linyanyueni watu wawili.

SatoMbichi:
Fundi ulikuwa wapi siku ya kitanda changu?

Ngosha_Buhongwa:
Fundi kasema "acha mpaka kesho yake". Fundi wa Mwanza kusema kesho tumezoea, ila huyu ndiye wa kwanza mwenye sababu.

Mpangaji_Mabatini:
Nyie mna makabati yanayolegea, langu limevimba. Mwenye nyumba wangu hataki kuziba paa, kila masika maji yanatiririka ukutani mpaka miguuni mwa kabati, chipubodi imefura na milango haifungi. Nikimwambia anasema niombe Mungu mvua ipungue. Kodi haombei ipungue!

BiHarusi_Kisesa:
Afadhali nyie. Fundi cherehani wangu kanishonea sare ya harusi, mkono mmoja mrefu mmoja mfupi. Anasema ndiyo mtindo. Nimesimama kwenye picha na ndugu kumi wa upande wa mume, mkono mmoja nimeuficha nyuma.

MamaKulwa_Nyakato:
Narudia, labda hamkusoma vizuri. MBELE YA MAMA MKWE. KAMA ANAFUNGULIA NG'OMBE.

Kijana_wa_Igogo:
Tumesoma mama. Bi harusi, weka picha.

BiHarusi_Kisesa:
Siweki. Huyo fundi naye mnamjua, yule wa miwani ya kamba.

Mpangaji_Mabatini:
Wa miwani?! Ana suruali yangu tangu Pasaka!

Abiria_Kamanga:
Samahani nawakatisha. Kuna aliyenunua dagaa Mwaloni Kirumba siku hizi? Mimi nimeuziwa nusu dagaa nusu mchanga, familia nzima tumetafuna kokoto.

SatoMbichi:
Hao walianikwa chini. Uliza wa kwenye vichanja, bei imechangamka kidogo lakini hutafuni ufukwe.

MamaKulwa_Nyakato:
Wakuu, na kabati langu je?

Ngosha_Buhongwa:
Wa vichanja debe wanauzaje sasa hivi? Nina mzigo wa kupeleka Shinyanga.

Abiria_Kamanga:
Njoo inboksi mkuu, nimpigie mama mmoja pale nikuulizie.